Wapeni Mababu Zetu Woga Wao

Nimechoka. Nasema bila kumung'unya maneno: nimechoka na riwaya za kihistoria zinazoandikwa kama taarifa ya wilaya inayosomwa mbele ya mgeni rasmi.

Unaijua riwaya ninayoisema. Jaladani pana mkuki, ngao na jua linalozama. Ukurasa wa kwanza unaanza na "Mnamo mwaka". Wa pili una orodha ya magavana. Wa tatu shujaa anazaliwa, na mkunga, kabla hata hajakata kitovu, anatabiri kwamba mtoto huyu atalikomboa taifa. Taifa gani, bibi wee? Mkunga wa 1870 taifa kalisikia wapi? Usiulize. Ukifika ukurasa wa ishirini umeshasinzia, kitabu kimekuangukia kifuani.

Na kesho yake, bila haya, unakutana na wenzako unakisifu. "Kitabu kizuri, kinafundisha historia."

Hapo ndipo tunapogombana mimi na wewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Umewasifu wagema hawa miaka nenda miaka rudi, na sasa tembo lenyewe limekuwa maji matupu. Unakunywa, unakunja uso, unasema tamu. Unamdanganya nani?

Hebu soma hii. Sinukuu kitabu cha mtu, nimeitunga mwenyewe sasa hivi, lakini utaapa umewahi kuisoma: "Mnamo Julai 1905, wananchi wa vilima vya Umatumbi, wakiwa wamechoshwa na kodi, manyanyaso ya maakida na kilimo cha lazima cha pamba, waliungana kwa kauli moja wakaanzisha mapambano ya kumng'oa mkoloni."

Umeona? Kodi ilikuwapo. Maakida walikuwapo. Pamba ilikuwapo. Julai ni Julai kweli. Kila kitu kipo, isipokuwa mtu.

Nani aliungana na nani? Hiyo "kauli moja" ilitoka katika mdomo wa nani? Vita vya Maji Maji vilianza kule Nandete kwa watu kuingia katika shamba la pamba na kung'oa mashina. Basi twende shambani, tusibaki barazani kuhutubiana.

Mpamba una mzizi unaozama. Haung'oki kwa hotuba. Lazima uiname, uushike chini kabisa karibu na udongo, uuvute kwa nguvu ya mgongo. Sasa mtazame mtu aliyeinama hivyo, mgongo kaielekezea njia anayopita akida. Rupia tatu za kodi hajazipata. Maji ya Ngarambe, ya kuzuia risasi, amenyunyiziwa, lakini usiku mkewe alimuuliza kwa sauti ya chini: na yasipofanya kazi? Hakumjibu. Kulia kwake yupo jirani ambaye wana ugomvi wa mpaka tangu mwaka juzi, na jirani huyo keshang'oa shina lake, kalishika mkononi, anamtazama. Akivuta, huenda akafa. Asipovuta, ataishije kijiji kimoja na macho yale?

Riwaya ipo hapo. Ipo katika ule mgongo. Kodi ipo, akida yupo, pamba ipo, maji yapo, na hakuna hata kimoja nilichokufundisha. Umeviona kwa sababu kuna mtu vinambana.

Vita vile viliendelea mpaka 1907, vikafuatwa na njaa kubwa. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 katika hesabu ya Wajerumani na kupanda mpaka karibu 300,000 kwa baadhi ya wanahistoria wetu. Andika tarakimu hizo kwa herufi nene, zipigie mstari, zirudie kila sura. Hazitamliza mtu mpaka umemwonyesha yule mmoja aliyeinama.

Twende Uhehe.

Kila mwandishi anaipenda Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, siku Wahehe walipokiteketeza kikosi cha Mjerumani Zelewski. Nani asiyependa kushinda? Lugalo inapewa sura tatu, mishale na milio ya tarumbeta. Kisha mwandishi anaruka. Ngome ya Kalenga inaanguka 1894, sentensi mbili. Mlambalasi, Julai 1898, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, anajipiga risasi asikamatwe. Fuvu linachukuliwa. Fuvu linarudi 1954. Makofi. Mwisho.

Na katikati je?

Kati ya Kalenga na Mlambalasi kuna karibu miaka minne ya mtawala aliyezoea kutiiwa akiwindwa porini. Alikula kwa nani? Alimwamini nani, na usiku gani aliacha kumwamini? Aliyempelekea chakula alirudije nyumbani kwake kabla hakujapambazuka? Miaka minne! Waandishi wetu wanaivuka kama mtu anayevuka dimbwi, kakunja suruali asichafuke.

Na Mpangile je? Wangapi kati yenu mnalijua jina hilo? Alikuwa ndugu yake Mkwawa. Mwishoni mwa 1896 Wajerumani walimkalisha kwenye kiti cha utawala huku nduguye angali hai msituni. Mwanzoni mwa 1897, wakiwa wamemshuku kwamba yu upande wa nduguye, wakamuua.

Soma tena polepole. Mtu anakubali kiti cha adui, na haipiti muda kiti kile kile kinamuua.

Alikubali kwa uroho? Kwa hofu? Alifikiri akikaa yeye, watu watapumua? Alikuwa na kijicho cha siku nyingi juu ya nduguye aliyesifiwa kila ngoma ikipigwa? Au alikaa makusudi, ili awe jicho la nduguye ndani ya boma? Mimi sitaki jibu la mahakama. Nataka mwandishi mwenye moyo wa kulala na maswali hayo mwaka mzima, aamke na mtu.

Tunachopewa badala yake ni neno moja: msaliti. Ukishampiga mtu mhuri huo, kazi ya kumfikiria imekwisha, unaweza kurudi Lugalo kupiga tarumbeta.

Unajua mhuri huo unachongewa wapi? Darasani. Umeyaandika na wewe yale madaftari. Mwalimu anaandika ubaoni: "Ni jasiri. Ni mwanamapinduzi. Ana mapenzi ya dhati. Anafaa kuigwa na jamii." Wa pili: "Ni katili. Ni mroho. Hafai kuigwa na jamii." Mwanafunzi ananakili, anakariri, anafaulu, anasahau.

Anafaa kuigwa na jamii! Mtu mzima, aliyezaliwa na mama, aliyependa, aliyekosa, aliyelala njaa, anamalizwa kwa maneno manne.

Na waandishi si wajinga. Wanajua soko kubwa la kitabu cha Kiswahili ni shule. Basi wanaandika moja kwa moja kwa ajili ya ubao. Shujaa anatoka kiwandani akiwa tayari na sifa zake tano, msaliti na zake tatu, na tarehe zimepangwa kwa ajili ya swali la mtihani. Riwaya inakuwa daftari la majibu lenye jalada la rangi.

Haya, usidhani wale wa upande wa pili wamepona. Wapo wanaosema, "Mimi tarehe sizitaki, mimi natafuta binadamu." Vizuri. Kisha wanatuletea msichana wa Unguja ya 1873, mwaka ambao Seyyid Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na msichana huyo anazungumzia haki zake kama katoka warsha hotelini asubuhi ile. Kavaa kanga, kichwani ana kipeperushi.

Mji ule haukuwa hivyo. Katika pwani ile mtumwa aliweza kumiliki mtumwa. Mtu aliyeachwa huru aliweza kuitamani kanzu ya bwana wake wa zamani, na kofia yake, na hata desturi yake ya kuamrisha wengine. Jambo hilo linachoma. Linakunyima usingizi. Ndiyo maana hawaliandiki! Wanataka mtumwa safi na bwana mchafu, wafunge hesabu, waende kulala.

Na wengine hata uvivu wao hawauoni aibu. Mtu wa 1905 analipa kwa shilingi. Shilingi! Wakati Mjerumani anatoza rupia, na shilingi ilikuja baadaye na Mwingereza. Ukimsahihisha, anakuambia hiyo ni sanaa, bwana. Hapana. Mtu aliyefanya kazi mwezi mzima kuipata rupia hawezi kuwa na mkono ule ule wa mtu wa shilingi. Ukikosea fedha yake, umemkosea yeye.

Kwa hiyo usinielewe vibaya. Sikuja kuitukana taarifa. Taarifa naitaka, naitaka tele, naitaka mpaka harufu yake. Na wala haikosekani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alituachia Desturi za Waswahili, kitabu kilichochapwa 1903: harusi, ngoma, safari za bara, utumwa, vyote vimo. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Abdul Karim bin Jamaliddini alituachia utenzi wa Vita vya Maji Maji. Ghala limejaa. Kinachokosekana ni mpishi.

Unataka kujua taarifa inavyopikwa? Chukua kitabu cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, kikatoka kwa Kiswahili 1980, naye akafariki 1981. Kitabu kile kina taarifa za kutosha kujaza makumbusho: kilimo, uvuvi, dawa, adabu za ukweni, namna ya kusalimia na namna ya kukaa.

Mbona hatusinzii?

Kwa sababu Myombekere anamtaka mkewe. Wawili hawa hawana mtoto, ndugu wa mume wamemtukana Bugonoka, wazazi wake wamekuja kumchukua. Mume akitaka mke arudi, alipe faini ya pombe ya ndizi. Basi Kitereza anatupikia pombe ile hatua kwa hatua, hana haraka hata kidogo, na sisi hatuchoki. Kila ndizi inayovundikwa, kila chungu kinachojaa, ni Bugonoka anasogea nyumbani. Mwandishi mwingine angetuwekea sura nzima iitwayo "Utengenezaji wa Pombe za Asili". Kitereza katuwekea mwanamume anayemngoja mkewe.

Hiyo ndiyo mizani, na haina siri nyingine. Kila taarifa iulizwe: unamgusa nani? Unamzuia nani kupata anachokitaka? Kama haimgusi mtu, itoke, hata kama uliitafuta miaka mitano kwenye nyaraka. Najua inauma. Akili nyingi huondoa maarifa, na utafiti mwingi umeshaua riwaya nyingi kuliko uvivu.

Ebrahim Hussein alilijua hili tangu 1969 alipotuandikia tamthilia ya Kinjeketile. Alieleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, asichukuliwe kuwa ndiye yule Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliyenyongwa Mohoro Agosti 1905. Na alimpa nini kiumbe huyo? Bunduki nyingi? Hotuba ndefu? Alimpa shaka. Mtu ametoka majini na neno, watu wamelipokea, neno limekua limemzidi kimo, na yeye mwenyewe anaanza kujiuliza kama neno lile ni lake au la nani. Hawezi kulirudisha. Hawezi kulikana. Mwisho anakataa kusema maji ni uongo, huku akijua watu waliokufa kwa kuyaamini.

Je, shaka ile ilimpunguza? Imepita miaka zaidi ya hamsini, bado tunamzungumza. Wale mashujaa wasio na shaka walioandikwa baada yake, nitajie watatu. Nangoja.

Nakuambia kwa nini jambo hili si la wasomi wa fasihi peke yao.

Mwanafunzi wetu anaweza kukutajia sababu tano za Vita vya Maji Maji na sababu tano za kushindwa. Ya kwanza ya kushindwa ataandika: "Imani za kishirikina." Anaandika huku anatabasamu. Anawacheka. Wajinga walioamini maji yatazuia risasi!

Haya. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita kuelekea Samunge, Loliondo, kwenda kunywa kikombe cha dawa cha Babu kwa shilingi 500. Walikwenda wakulima. Walikwenda wenye shahada. Walikwenda na wakubwa. Pengine alikwenda na mama yako, au ulimpeleka mwenyewe. Je, walikuwa wajinga? Mwanamke aliyebeba mtoto anayekauka mikononi, ambaye hospitali imeshamwambia hakuna la kufanya, unamwandikia "imani za kishirikina" na kumpa alama moja?

Foleni ile ilikuwa zawadi kwa mwandishi wa historia. Ngarambe ilikuja mpaka mlangoni kwetu. Hapo mwandishi angesimama awatazame watu usoni, aelewe mara moja namna tumaini linavyosafiri kutoka kijiji hadi kijiji, namna jirani anavyokwenda kwa sababu jirani kaenda, namna mtu anavyoshuku na bado ananyoosha mkono. Angerudi nyumbani aandike 1905 kwa damu ya 2011. Wangapi waliiona hivyo? Wengi walikuwa ndani, wanahakiki tarehe.

Ndiyo matokeo yake haya. Tukiwaandika mababu kama watu wasioogopa, wasioshuku, wasio na kijicho, mtoto anayesoma anajipima nao anajiona si kitu. Yeye anaogopa. Yeye anashuku. Basi ujasiri anauona ni mali ya watu fulani waliokwisha kufa, waliozaliwa na utabiri wa mkunga. Yeye kazi yake ni kupiga makofi siku ya kumbukumbu. Taifa la wapiga makofi linaanzia hapo, katika kitabu cha hadithi.

Tukiwaandika wasaliti kama mashetani, mtoto anangoja shetani mwenye pembe. Haji. Anakuja mtu mpole, mwenye familia na madeni, mwenye sababu nzuri za kukubali kiti. Mtoto hamtambui, kwa sababu hajawahi kumsoma. Wakati mwingine mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Na usiku je, mtoto wako anatazama nini? Usinifiche. Anatazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili. Anajua nani alimwonea wivu nani katika jumba la masultani, nani alitia sumu, nani alilia peke yake. Unalalamika kwamba vijana hawapendi historia! Wanaipenda. Wanakesha nayo. Wameifuata kule ambako watu wake wana wivu na machozi.

Wakati huohuo, jumba letu wenyewe liko Unguja. Mwaka 1859 Barghash alitaka kumpindua nduguye Sultani Majid. Barua za njama ziliandikwa na dada yao, binti wa miaka 15, Salme, aliyekuwa amejifundisha kuandika kwa siri kwa kunakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Binti yule alimpenda ndugu mmoja na kumsaliti mwingine. Njama ikavunjika. Mwaka 1866 akatoroka na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani. Ameyasimulia mwenyewe katika kitabu kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Waturuki wangekuwa na Salme, tungekuwa tunamtazama kila saa tatu usiku! Sisi tunaye, tumempa maelezo ya aya moja kwa watalii.

Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel mwaka 2021 tulipiga vigelegele, tukagombana ni wa kwetu au si wa kwetu. Riwaya yake Peponi ikaja kwa Kiswahili mwaka uliofuata. Umeisoma? Humo ukoloni wa Kijerumani unapita kwenye macho ya Yusuf, mtoto wa miaka 12 aliyechukuliwa kwa deni la baba yake. Hapewi hotuba hata moja. Vigelegele ulipiga, kitabu hukununua. Nami nikuite nani, msomaji mwenzangu au mpiga vigelegele?

Waandishi, mficha uchi hazai. Mnawavisha mababu nguo juu ya nguo ili tusiione aibu yao, na ndiyo maana vitabu vyenu havizai chochote kwa anayevisoma. Wavueni. Wapeni woga wao, tamaa zao, kijicho chao, ugomvi wao wa mipaka. Wapeni na wake zao wanaouliza maswali usiku. Wao walifanya makubwa wakiwa hivyo hivyo, na ukubwa wao ndio huo. Mtu asiyeogopa akienda vitani kafanya nini cha ajabu?

Walimu, futeni "anafaa kuigwa na jamii" ubaoni. Ulizeni swali jingine: ungekuwa wewe, ungefanya nini? Kisha nyamazeni, muwasikilize watoto.

Na wewe uliyesinzia ukurasa wa ishirini, amka. Usiku umekwisha. Ukiingia duka la vitabu, achana na jalada lenye mkuki. Fungua katikati, soma kurasa mbili ukiwa umesimama. Muulize yule mtu aliyemo ndani: unataka nini, na unamwogopa nani? Akikujibu kwa tarehe, kirudishe kitabu kwenye rafu. Usinunue kwa huruma, usinunue kwa uzalendo, na usitoke kimya kimya. Mwambie mwenye duka kwa nini hukukinunua, kwa sauti ya kumfikia aliyekiandika.